Ukimya wa Kifaa Si Ushahidi wa Kufa Kwake: Kutafuta Hitilafu za Mawasiliano Ndani ya Gari



Hoja yangu jioni hii ni moja. Gari la siku hizi linapoandika kwamba kifaa fulani hakipatikani, limetoa taarifa ya ukimya tu. Halijasema kifaa hicho kimekufa. Fundi anayeisoma taarifa hiyo na papo hapo akaagiza kontrol boksi nyingine, yaani kompyuta ndogo inayoongoza kifaa hicho, amehukumu kabla ya kusikiliza shauri, na anayelipa gharama ya hukumu hiyo ni mwenye gari.

Kadiri vifaa vya elektroniki vilivyoongezeka garini, kila kazi ilidai waya wake, na mafungu ya nyaya yakawa mazito na ya gharama. Mwaka 1983 kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilianza kutafuta namna ya kuvifanya vifaa vyote vizungumzie kwenye njia moja. Matokeo yake, mtandao wa CAN, yaliwasilishwa mjini Detroit Februari 1986, na mwaka 1993 yakawa kiwango cha kimataifa, ISO 11898. Leo mtandao huo umo katika magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, na ndio unaobeba ujumbe unaolisaidia gari kuwaka, kubadili gia na kufunga breki inavyotakiwa.

Nyaya zake ni mbili, zimesokotwa pamoja. Njia ikiwa kimya, kila waya una takriban volti 2.5. Kifaa kikituma alama, waya wa juu hupanda kufikia kama volti 3.5 na wa chini hushuka kufikia kama 1.5. Vifaa vingine husoma tofauti kati ya nyaya hizo. Kwa hiyo kelele ya umeme kutoka kwenye koili, ikizigusa zote mbili kwa pamoja, haibadilishi tofauti, na ujumbe hufika salama. Katika kila mwisho wa njia kuna rezista ya omu 120, inayozuia mawimbi ya umeme yasirudi nyuma na kuuvuruga ujumbe unaofuata.

Mtandao huu ni kama baraza: anayesema husikiwa na wote, na wawili wakianza pamoja, mwenye ujumbe mzito zaidi huendelea na mwenzake hungoja. Ila lipo jambo ambalo wengi wetu hatulifundishi ipasavyo. Kila kifaa hujihesabia makosa. Kikikwama katika kutuma, kwa kawaida hujiongezea 8. Kikifanikiwa hujipunguzia 1. Hesabu ikipita 255, hujiondoa kabisa kwenye njia ili wengine waendelee. Na kosa lenyewe huenda limeletwa na waya uliochubuka. Ndiyo kusema kifaa kizima kabisa kinaweza kujinyamazisha kwa sababu ya ubovu ulio nje yake.

Tuchukue gari ambalo taa ya ABS, mfumo unaozuia magurudumu kujifunga wakati wa breki, imewaka, mshale wa spidi umelala kwenye sifuri, na gia zinaingia kwa mshtuko. Mashine ya kupimia inaonyesha msimbo U0121 ndani ya kontrol boksi ya injini, ndani ya ile ya giaboksi na ndani ya dashibodi. Herufi U maana yake ni hitilafu ya mtandao, na U0121 inasema mawasiliano na kifaa cha ABS yamepotea. Mashahidi watatu wanamtaja asiyesikika. Lakini wao wenyewe wanasikika, kwa hiyo shina la njia ni zima. Tatizo liko kwenye tawi la ABS. Hapo sababu zinabaki chache: ABS haipati umeme, haina arthi, nyaya za tawi lake zimekatika, au yenyewe imeharibika. Tatu za mwanzo hupimwa kwa multimita na taa ya majaribio. Wakati mwingine boliti ya arthi iliyoshika kutu ndiyo chanzo, na brashi ya waya inatosha kuliponya gari.

Mtandao wote ukinyamaza, utaratibu wa kutafuta ni mwingine. Chomoa betri, kisha pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye tundu la uchunguzi lililo chini ya usukani. Ukipata takriban 60, rezista zote mbili zipo na zimeunganika. Ukipata 120, upande mmoja umekatika. Ukikaribia sifuri, nyaya mbili zimegusana, na hapo utachomoa kifaa kimoja kimoja hadi kipimo kirudi mahali pake. Katika magari mengi mapya kuna kifaa cha lango kati ya tundu hilo na mitandao ya ndani. Humo lazima upimie upande wa ndani wa lango, la sivyo namba itakudanganya. Usisahau pia kukagua alamu na vifaa vya kufuatilia gari vilivyoungwa baadaye, na maji yaliyoingia chini ya zulia.

Mnaona kwamba hakuna hatua hata moja inayohitaji mtambo wa bei ya kutisha. Zinahitaji mashine ya kupimia, mchoro wa nyaya, multimita, na akili iliyozoezwa kuuliza: nani anasikika, nani hasikiki, na wanaosikika wamepakana na nani? Hayo ni mantiki, na mantiki ni kazi ya chuo kikuu.

Kwa hiyo nawaomba wahadhiri wenzangu tuwapeleke wanafunzi gereji wakafunzwe na mafundi wenye mikono mizoefu, na mafundi tuwafungulie maabara zetu. Nanyi wenye magari, mkiambiwa kontrol boksi imeungua, ulizeni kwa heshima: umeme wake umepimwa? Arthi je? Omu ni ngapi? Fundi aliyepima atawajibu kwa namba. Ambaye hajapima, mpeni nafasi apime kwanza, kabla hamjatoa fedha ya kifaa kipya.