Mikono Safi Katika Kazi ya Serikali
(Maneno yaliyosemwa mbele ya Mkutano wa Chama)



 Tumeombwa kueleza jinsi Wakristo wa Uamsho walivyoyatazama mambo ya dunia, yaani desturi, mwenendo na utawala. Twajua ya kuwa humu mna Wakristo na Waislamu, wala hatukuja kumhubiria mtu. Walakini mwizi wa mali ya umma hupatikana katika kila dini, na mwaminifu vivyo hivyo. Basi twatumaini kila mmoja atapata neno la kwenda nalo nyumbani.

Uamsho huo ulianzia Gahini, katika nchi ya Rwanda, palipokuwa na hospitali ya misheni. Mwaka 1929 daktari wa hospitali hiyo, Joe Church, alikutana na Simeoni Nsibambi huko Namirembe, Kampala, wakasoma Biblia na kuomba pamoja. Katika miaka ya 1930 moto ukawaka Gahini, ukaenea Uganda, ukafika Kenya mwaka 1937, na Bukoba pia. Waganda wakawaita watu wale Balokole, maana yake waliookoka. Yafaa tukumbuke kwamba Nsibambi alikuwa amefanya kazi ya afya katika serikali ya Buganda, na William Nagenda, mhubiri wao mashuhuri, alikuwa karani wa serikali. Walikuwa watu wa meza na kalamu kama sisi.

Mafundisho yao hayakuwa magumu kuyafahamu. Mtu huungama dhambi yake mbele ya wenziwe, kisha hurudisha alichokiiba, hata kama hakuna aliyejua. Mwafrika na Mzungu waliungamiana, wakaitana ndugu, jambo lililowashangaza wengi siku zile. Wala hawakunyamaza mbele ya wakubwa wa kanisa. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha Mukono, Nagenda akiwa mmoja wao, walifukuzwa kwa kuwa hawakukubali kuacha kukutana alfajiri kuomba. Wako waliowaona kuwa wenye kiburi na wepesi wa kuhukumu, nasi hatusemi kwamba hawakukosa kamwe.

Sasa tuseme habari zetu wenyewe. Zamani tulipokuwa karani kijana katika wilaya moja, tulitia sahihi daftari la vibarua lenye majina matatu ya watu wasiokuwapo kazini. Mshahara wao wa mwezi mmoja ukagawanywa, nasi tukapokea fungu letu. Baada ya miaka kadhaa tulisikia habari za watu hawa wa Uamsho, usingizi ukatupotea. Tukachukua fedha tukampelekea mkuu wa ofisi. Akatutazama kwa kitambo, kisha akasema, “Stakabadhi yake niiandikeje? Nikiandika fedha hizi ni za nini, mtaulizwa wote mliotia sahihi. Rudi nazo nyumbani, ukazitoe sadaka.”

Ndugu zetu, hapo ndipo tulipojaribiwa kweli. Fedha zilikuwa tayari mkononi, na kuzitoa ilikuwa rahisi. Lililotushinda lilikuwa jina. Tulikaa na bahasha ile majuma mawili. Mwisho tukaandika barua, tukataja kosa letu tu, tukatia jina letu chini. Fedha zikapokewa. Cheo tulichokuwa tukikingojea akapewa mwingine, na rafiki zetu wawili wakaacha kutuamkia. Hatukulalamika, kwa kuwa tulikuwa tumevuna tulichokipanda.

Wako wasemao, “Mtu aliyeokoka ana nini na siasa? Na asafishe moyo wake, utawala auachie wenyewe.” Neno hili lina ukweli nusu. Huko Kenya, baada ya hali ya hatari kutangazwa mwaka 1952, ndugu wengi wa Uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia bunduki za serikali; wengine waliuawa kwa ajili hiyo. Huko Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeokoka katika Uamsho mwaka 1948, aliungana na maaskofu wenziwe kumwandikia Idi Amin barua ya kulaumu mauaji. Siku chache baadaye, tarehe 16 Februari 1977, naye akauawa. Hao walijua ya kuwa moyo safi hauwezi kunyamaa daima.

Lakini tutazame Rwanda, nchi ile ile ulikozaliwa Uamsho. Mwaka 1994 watu waliuawa hata ndani ya makanisa. Katika vizuizi vya njiani vitambulisho vilikaguliwa, na neno moja la kabila lilitosha kumwua mtu. Neno lile liliandikwa na karani. Pengine alikuwa mtu mwema asiyeiba hata senti moja, aliyeamriwa kujaza nafasi akaijaza. Hapo twaona kwamba kurudisha kilichoibiwa hakutoshi; sharti mtumishi aiulize kalamu yake inaandika nini, na juu ya nani.

Kwa hiyo twaleta shauri mbele ya Chama. Mwanachama akishitakiwa kwa wizi naye kweli ameiba, tusimfiche kwa jina la undugu. Tumsaidie aungame na kurudisha. Bali mwanachama akikataa kutia sahihi jambo la uongo, hata likiamriwa na mkubwa, Chama kisimame naye, kimwandikie barua, na familia yake isilale njaa. Sisi tulikuwa peke yetu yale majuma mawili ya bahasha. Hatupendi kijana yeyote wa leo awe peke yake.