Wahitimu wa Fort Hare na Mfuko Wetu wa Basari

(Hotuba ya watunza hesabu wa chama kwenye chakula cha mchana cha harambee)



Sisi wa hesabu kwa kawaida hupewa dakika chache tusome mapato, tusome matumizi, kisha chakula kiletwe. Hesabu za mwaka huu zimekaguliwa na ziko kwenye kurasa za mwisho za kijitabu mlicho nacho. Tumeomba dakika zetu tuzitumie kwa jambo jingine, kwa sababu baada ya chakula mtapigia kura kifungu kipya cha kanuni za basari. Kifungu ni kifupi: mwanafunzi wa chuo akifukuzwa, akisimamishwa au akiacha masomo kwa sababu yoyote, jina lake lifutwe na asisaidiwe tena. Tunaelewa kilikotoka. Karo tunayolipa ni pesa za watu waliouza maziwa na majani chai, na hakuna anayependa kuziona zikipotea. Lakini kabla ya kura tunaomba tutazame chuo kimoja.

Chuo hicho ni Fort Hare, katika mji wa Alice, Afrika Kusini. Kilifunguliwa mwaka 1916 kama chuo cha Kikristo cha Waafrika, mahali palipokuwa na ngome ya Waingereza ya vita vyao na Waxhosa, karibu na shule ya misheni ya Lovedale. Kanisa la Skoti lilitoa ardhi. Waafrika nao walichanga, tena wengi wao hawakuwa na mtoto wa kumpeleka huko. Wanafunzi wa kwanza walikuwa 20. Mkuu wa chuo alikuwa Mskoti, Alexander Kerr, na pamoja naye alifundisha Mwafrika, D.D.T. Jabavu. Mabweni yalikuwa ya makanisa: Wamethodisti kwao, Waanglikana kwao, Wapresbiteri kwao. Ilipita miaka saba hivi ndipo Z.K. Matthews akawa wa kwanza kupata digrii akisomea hapo. Miaka saba! Wafadhili wa siku hizi wangekuwa wameshadai ripoti ya kila robo mwaka na kuondoka.

Baadaye matunda yakaonekana, na mengine yalikuja mpaka huku kwetu. Eliud Mathu, aliyefundisha Alliance na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuketi kwenye Baraza la Kutunga Sheria la Kenya, alipita Fort Hare. Charles Njonjo, Mwanasheria Mkuu wa kwanza wa Kenya huru, vilevile. Yusuf Lule wa Uganda, aliyeongoza Makerere na mwaka 1979 akawa rais kwa siku 68, vilevile. Herbert Chitepo alitoka Rhodesia, akasoma hapo, akaja kuwa Mkurugenzi wa Mashtaka huko Tanganyika. Seretse Khama akawa rais wa kwanza wa Botswana. Robert Mugabe naye ni wa hapo, mwaka 1951. Hatusemi kila mche ulizaa tunda tamu, na kuhusu Njonjo wazee mliopo mna maoni yenu.

Sasa kiwekeni kifungu chetu mbele ya vijana wa chuo hicho.

Nelson Mandela aliingia mwaka 1939, akakaa bweni la Wamethodisti. Mwaka uliofuata alichaguliwa kwenye baraza la wanafunzi, akakataa kiti kwa sababu wenzake wengi walikuwa wamesusia uchaguzi. Kerr akamwambia akubali kiti au asirudi. Hakurudi. Alimalizia digrii yake kwa masomo ya posta, akaipokea mwaka 1943. Oliver Tambo alikuwa tayari na digrii ya sayansi, anasomea ualimu, alipofukuzwa mwaka 1942 baada ya mgomo wa wanafunzi. Kwa kanuni tunayotaka kuipitisha, wote wawili tungewafuta, na mhasibu angepiga mstari mwekundu kwa dhamiri safi kabisa.

Hata Matthews mwenyewe, yule wa digrii ya kwanza, aliondoka. Alikuwa amekuwa profesa pale, na alibakiza muda mfupi tu astaafu, serikali ya ubaguzi wa rangi ilipopitisha sheria mwaka 1959 ya kukitwaa chuo. Akajiuzulu kwa kupinga, na pensheni yake ikapotea. Sisi tunaopiga mahesabu ya pensheni za watu kila mwezi tunajua uzito wa barua kama hiyo.

Hatudai kwamba kila anayefukuzwa ni Mandela. Wapo wanaofukuzwa kwa pombe na kwa kuiba mitihani, na hao hatuwatetei. Tatizo letu ni yale maneno mawili, "sababu yoyote". Tunapendekeza badala yake malipo yasimamishwe, mwanafunzi aitwe mbele ya kamati pamoja na mzazi au mlezi, asikilizwe, na akiwa na sababu ya haki aruhusiwe kurudi mara moja, hata kama ni kwa masomo ya mbali. Karo iendelee kulipwa moja kwa moja chuoni, si mkononi.

Kuna binti yetu mmoja, hatutamtaja, aliyeacha chuo akiwa mwaka wa pili ili amuuguze mama yake. Mama tulimzika Aprili. Barua ya binti ya kuomba kurudi iko kwenye faili yetu, na chuo kimekubali kumpokea muhula ujao. Kifungu kikipita kilivyo, kesho itabidi tumwandikie kwamba hayumo tena kwenye orodha.

Kura ni saa nane kamili, kwa kuinua mikono. Wenye ahadi za mwaka jana ambazo bado hazijalipwa, meza yetu iko pale mlangoni, na kitabu cha risiti tumekibeba.