Mwalimu Aliporudi Dawatini

(Ifuatayo ni hotuba ya muuguzi mmoja, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliyoitoa mbele ya wanafunzi wapya wa uuguzi. – Mhariri)



Nimeombwa kusema na wale miongoni mwenu mlioingia hapa mkiwa watu wazima. Nawaona walimu, makarani na akina mama waliokwisha kulea. Maneno yangu yanawahusu pia wakuu wa kazi mlikotoka.

Nilianza uuguzi nikiwa na miaka 39, baada ya kufundisha hesabu kwa miaka 16. Masharti ya stashahada hayakunihoji umri. Yalitaka ufaulu wa kidato cha nne, ukiwamo wa baiolojia, kemia na fizikia. Fizikia sikuwa nayo. Nikaketi mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea, chumba kimoja na vijana niliowafundisha darasa la tano.

Yalisemwa mengi. Mkuu wangu alidai kwamba Serikali imenisomesha ualimu, nami naitupa fedha ya wananchi. Jamaa waliuliza nani atalisha watoto kwa miaka mitatu. Neno la kwanza lilinichoma; la pili lilininyima usingizi. Sitawaficha: mume wangu aliuza ng'ombe wawili, na kila likizo mimi nilikaanga vitumbua.

Lakini je, aanzaye akiwa mtu mzima amechelewa? Florence Nightingale alizaliwa mwaka 1820, akaenda kujifunza uuguzi Kaiserswerth, Ujerumani, mwaka 1851, akiwa na miaka 31. Shule yake ya wauguzi ilifunguliwa London mwaka 1860. Hapa kwetu, Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliwataka vijana wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza kabla ya kuingia chuo kikuu. Utaratibu huo haupo tena, lakini wazo lake lina uzito: aliyekwisha kuwatumikia watu huja darasani na kitu mkononi.

Hata hivyo, ndugu zangu, kitu hicho hicho chaweza kuwa hatari. Nitawaeleza kisa kimoja.

Wiki yangu ya tano wodini aliletwa mtoto aliyekaukiwa maji kwa kuhara. Daktari aliagiza apewe dripu ya mililita 240 kwa saa 4. Nilipiga hesabu kichwani upesi. Mpira wa kawaida hutoa matone 20 kwa kila mililita. Basi ni matone 20 kwa dakika. Hesabu yangu haikuwa na kosa. Mpira ndio uliokuwa mwingine. Uliokuwa mezani ulikuwa wa watoto, utoao matone 60 kwa kila mililita. Mtoto yule angepata theluthi moja tu ya maji aliyoyahitaji.

Sikuuliza, kwa sababu niliona haya. Mwalimu wa hesabu aulizeje hesabu? Aliyeniokoa ni mwanafunzi mwenzangu, binti wa miaka 19. Aliniambia kwa adabu, "Samahani, mama, umeisoma pakiti ya mpira?" Tulisahihisha kabla dripu haijafunguliwa. Mtoto alirudi kwao mzima, wala si kwa ujuzi wangu.

Siku ile nilielewa kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Ng'ombe na mshahara nilikuwa nimekubali kuvipoteza. Heshima ya kujua ndiyo niliyokuwa bado nimeing'ang'ania. Kwa muuguzi, heshima ya namna hiyo hulipwa na mgonjwa.

Kwa hiyo nawaomba wanafunzi watu wazima: leteni uvumilivu wenu, uzoefu wenu wa kusema na mzazi mwenye hofu, na mazoea yenu ya kufika kazini kwa wakati. Lakini cheo chenu kiacheni mlangoni. Ulizeni mbele ya vijana, na vijana wakiwasahihisha, shukuruni.

Nanyi wakuu wa kazi, mtumishi anayeomba ruhusa ya masomo ya uuguzi msimwite msaliti. Miaka yangu 16 ya ualimu haikutupwa. Kila asubuhi kliniki nawafundisha akina mama kuchanganya maji ya chumvi na sukari yanayotoka kwenye pakiti, nao wanarudia mpaka waweze. Mwananchi aliyenisomesha ualimu bado anafundishwa. Darasa tu ndilo lililohama.