Tezi ya Shingo na Makuzi ya Watoto
(Maneno yaliyosemwa barazani kwa watu wa Newala na Masasi)

Leo sitasema juu ya malaria wala safura, maana habari hizo mmekwisha kuzisikia mara nyingi. Nataka kusema juu ya maradhi yasiyoonekana kila siku, lakini yakiingia nyumbani huleta huzuni ndefu, na pengine huleta ugomvi katika ukoo.

Tuseme mtoto amezaliwa. Ni mtulivu mno, halii sana, hulala mchana kutwa, na watu humsifu kwamba ana adabu. Lakini umanjano wa macho yake hauishi upesi. Hanyonyi vema, choo chake ni kigumu, ulimi ni mkubwa, kitovu kimetokeza, sauti ni nzito, na ngozi yake ni kavu, tena baridi. Wenziwe wakianza kutembea, yeye yu mkekani bado. Akikua hubaki mfupi, na akili zake hubaki nyuma. Hapo ndipo wajomba hukutana, na maneno huanza: mama yake amevunja mwiko, au jirani amemroga. Basi mama hubeba lawama, na mtoto hufichwa ndani.

Ndugu zangu, asili ya dalili hizo yaweza kuwa tezi ndogo iliyo mbele ya koo, yenye umbo kama la kipepeo aliyekunjua mabawa. Tezi hii hutengeneza maji ya nguvu yaitwayo homoni, na kuyatia katika damu. Homoni hiyo ndiyo iamuruyo mwili kupata joto, mifupa kurefuka, na ubongo wa mtoto kukomaa. Ikipungua, kila kazi ya mwili hulegea.

Tezi hupungukiwa kwa njia mbili. Ya kwanza, mtoto huzaliwa hana tezi, au anayo lakini haifanyi kazi. Hilo si kosa la mtu ye yote. Ya pili, tezi ni nzima, lakini haipati madini joto, ambayo ndiyo malighafi yake. Tezi ikikosa madini hayo huvimba ikiyatafuta, nalo ndilo rovu mnaloliona shingoni. Na mama mwenye mimba akiyakosa sana, mtoto wake huweza kuharibika ubongo kabla hajazaliwa, na madhara hayo hayaondoki tena.

Iko tezi nyingine chini ya ubongo, yenye ukubwa kama wa punje ya njegere. Ikitoa homoni kidogo ya kukuza, mtoto hubaki mfupi ingawa akili zake ni timamu. Ikitoa nyingi mno utotoni, mtu huwa jitu; ikizidi ukubwani, mikono, miguu na taya hunenepa. Kwa hiyo si kila mfupi ana ugonjwa mmoja, na kupima ni kazi ya daktari.

Je, dawa iko? Iko. Mwaka 1891, katika nchi ya Uingereza, daktari George Murray alimtibu mwanamke mwenye ugonjwa huu kwa maji yaliyotolewa katika tezi ya kondoo. Mwanamke yule alikuwa amedhoofika sana, naye akaishi miaka 28 zaidi. Siku hizi dawa ni kidonge kidogo, humezwa kila siku maisha yote. Lakini mtoto sharti aanze mapema, na bora kabla ya majuma mawili kwisha tangu kuzaliwa. Akicheleweshwa, mwili wake utakua, lakini akili zilizopotea hazitarudi zote.

Juu ya madini joto, nchi ya Uswisi, iliyokuwa na marovu mengi milimani, ilianza kuyatia katika chumvi mwaka 1922. Tanzania ilifanya vivyo hivyo katika miaka ya 1990. Zamani, katika miaka ya 1980, watoto wa shule kama 25 katika kila 100 walikuwa na rovu. Mwaka 2004 walikuwa kama 7 tu.

Lakini hapa kwetu kusini liko jambo la kuangalia. Watu husema, Sisi tu karibu na bahari, chumvi yetu ya Lindi na Mtwara yatutosha. Sivyo. Chumvi ya bahari iliyokaushwa juani, isipotiwa madini joto, huwa nayo kidogo sana. Mtu hahitaji mengi: ya maisha yake yote hayajazi kijiko cha chai. Lakini ayahitaji kila siku.

Tena muhogo mchungu ni chakula chetu hapa uwandani. Sumu yake isipotolewa huizuia tezi kuyapokea madini hayo, na ikizidi huleta konzo, ule ugonjwa wa kupooza miguu uliotokea mkoani Mtwara mwaka 2002 na 2003. Wakati wa njaa watu hufanya haraka, na haraka hiyo ina hatari.

Basi, yafanyeni haya. Nunueni chumvi iliyoandikwa kwamba ina madini joto; itunzeni penye ukavu, ndani ya chombo chenye kifuniko, na kuitia chakula kikikaribia kuiva. Lowekeni muhogo mchungu siku tatu au zaidi kabla ya kuuanika. Unga mnaoushuku, uchanganyeni na maji, mwutandaze mwembamba kivulini saa tano au juani saa mbili, kisha mpike siku ile ile. Na mtoto mwenye dalili nilizozitaja, mpelekeni upesi hospitali, iwe ya Newala, ya Mkomaindo au ya Ndanda.

Wazee, kwenu nina neno la mwisho. Ukoo ukikutana kwa ajili ya mtoto wa namna hii, msitafute mchawi. Siku mnazozitumia kumtafuta ndizo siku ambazo mtoto angepata dawa. Mficha maradhi kifo humwumbua. Mtoto aliyekwisha kuchelewa naye msimfiche. Mfundisheni awezalo, maana ni damu yenu.