Kwa Nini Tejas Ilipaa na Kaveri Ikabaki Karakanani: Mafunzo kutoka India kuhusu Kujitengenezea Injini za Ndege

1. Utangulizi



Tarehe 4 Januari 2001, ndege ya kivita iliyobuniwa India, ambayo baadaye ilipewa jina la Tejas, ilipaa kwa mara ya kwanza mjini Bangalore. Kiunzi chake na programu za kompyuta zinazoiweka sawa angani vilikuwa kazi ya Wahindi wenyewe. Injini haikuwa yao. Ilikuwa F404 ya kampuni ya General Electric ya Marekani. Injini iliyokusudiwa kuibeba ndege hiyo, Kaveri, ilitakiwa iwe imekamilika Desemba 1996, lakini siku Tejas ilipopaa mafundi walikuwa bado wanahangaika nayo. Mwaka 2008 ilitenganishwa rasmi na mradi wa Tejas.

Wanaoisimulia habari hii huishia kulaumu uzembe wa mashirika ya umma au uhaba wa fedha. Lawama zote mbili zina ukweli ndani yake, ila haziufikii mzizi. Mada hii inatetea hoja nyingine: India ilijua kubuni injini kabla haijajiandaa kuipima. Mhandisi wa Bangalore alikosa mahali pa kuiendesha injini katika hali halisi ya angani mpaka ivunjike, achunguze ilivyovunjika, arekebishe, kisha arudie bila kukawia.

2. Onyo la Marut

Tatizo hili lina umri mkubwa kuliko Kaveri. Katika miaka ya 1950 India ilimwalika Kurt Tank, mbunifu wa ndege kutoka Ujerumani, aisaidie kubuni ndege ya kivita. Matokeo yake yalikuwa HF-24 Marut, iliyopaa kwa mara ya kwanza tarehe 17 Juni 1961. Marut ilichorwa ikitegemea toleo jipya, lenye nguvu zaidi, la injini ya Kiingereza iitwayo Orpheus. Uingereza ilipoacha kuligharimia toleo hilo, India nayo haikukubali kubeba gharama ya kulikamilisha. Marut ikafungwa Orpheus ya kawaida. Ndege iliyokusudiwa kwenda mara mbili ya kasi ya sauti ikawa inaifikia kasi ya sauti yenyewe kwa taabu.

India iligeukia Misri. Huko Helwan, karibu na Cairo, Wamisri walikuwa wakitengeneza ndege ya HA-300, kazi ya mbunifu Mjerumani Willy Messerschmitt, pamoja na injini ya E-300 chini ya Ferdinand Brandner, mhandisi kutoka Austria. India ilitoa Marut moja ili injini hiyo ijaribiwe angani. Mwaka 1969 Misri iliufunga mradi wake, na tumaini la Marut likaisha. Ndege 147 zilitengenezwa, zikapigana vitani mwaka 1971, na mpaka zinastaafishwa hazikupata injini iliyostahili umbo lake. Wahenga walishasema kwamba cha kuazima hakisitiri.

3. Ugumu uko wapi?

Kanuni ya injini ya jeti inaeleweka na mwanafunzi wa sekondari: hewa inavutwa, inashindiliwa na kompresa, inachanganywa na mafuta na kuwashwa, kisha gesi inazungusha turbaini na kutoka nyuma kwa kasi. Kazi ngumu iko kwenye turbaini. Katika injini ya kisasa ya ndege ya kivita, gesi inayoyapiga mapanga ya turbaini inaweza kuzidi nyuzi 1,400 za Selisiasi. Nikeli, madini ambayo ndiyo msingi wa aloi za mapanga hayo, huyeyuka kwenye nyuzi 1,455, na aloi zake nyingi huanza kuyeyuka kabla ya hapo. Kwa maneno mengine, panga linafanya kazi ndani ya gesi yenye joto la kuliyeyusha.

Linasalimika kwa sababu tatu. Ndani yake kuna njia nyembamba zinazopitisha hewa ya kupoza, ambayo hutokea kwenye vitundu vidogo na kulifunika panga. Juu yake kuna utando wa kauri unaozuia joto. Na metali yenyewe imekuzwa ikiwa fuwele moja, kwa sababu mahali fuwele mbili zinapokutana ndipo ufa huanzia. Wakati huohuo panga linazunguka maelfu ya mara kwa dakika, na shina lake linavutwa kwa nguvu inayopimwa kwa tani.

Hesabu zinaweza kukadiria panga hilo litadumu kwa muda gani. Haziwezi kutoa hakikisho. Hakikisho hutoka kwenye majaribio. Ndiyo maana utengenezaji kwa leseni haukutosha kuifundisha India. Kiwanda cha Hindustan Aeronautics cha Koraput, jimboni Odisha, kimeunda injini za ndege za MiG na Sukhoi kwa miongo mingi. Leseni inakufundisha kipimo cha kila kipande. Haikuambii ni vipande vingapi vilivyovunjika mpaka kipimo hicho kikapatikana.

4. Safari ya Kaveri

Mradi wa Kaveri uliidhinishwa mwaka 1989 na kukabidhiwa taasisi ya utafiti wa injini ya GTRE ya Bangalore. Malengo yalikuwa makubwa: msukumo wa kilonyutoni 81 kichomeo cha nyuma kikiwashwa, uzito wa kilo 1,100, na uwezo wa kutopoteza nguvu hata kwenye joto la kiangazi cha India, ambapo hewa nyepesi huzidhoofisha injini. Lengo hili la mwisho linaonyesha kuwa wabunifu hawakuwa wakinakili. Walikuwa wakijibu shida ya nchi yao.

Injini ilizaliwa nzito na dhaifu. Wakaguzi wa serikali walikuta uzito umefika kilo 1,235, huku msukumo ukiwa chini ya lengo. Makadirio ya gharama yalipanda kutoka rupia bilioni 3.8 hadi zaidi ya bilioni 28. Mapanga yalivunjika wakati wa majaribio, na mengine yakalazimika kutafutwa Ufaransa.

Lakini tuangalie majaribio yenyewe yalifanyika wapi. India haikuwa na kituo cha kuiga hali ya hewa ya juu angani kwa injini ya ukubwa huo, wala ndege maalumu ya kubebea injini inayojaribiwa. Kaveri ilipelekwa Urusi. Mwaka 2004 ilishindwa majaribio ya mwinuko huko, na ndoto ya kuiweka kwenye Tejas za mwanzo ikafa. Novemba 2010 ndipo ilipopaa kwa mara ya kwanza, ikiwa imefungwa kwenye ndege kubwa ya mizigo, Ilyushin Il-76, katika Taasisi ya Gromov karibu na Moscow. Kutoka idhini hadi angani ilikuwa miaka 21.

Katika kipindi chote hicho ziliundwa injini kamili 9 tu na viini vya injini 4. Injini 9 ni chache kwa nchi inayojifunza, kwa kuwa kila iliyovunjika ilikuwa hasara ya kuogopwa. Jaribio lililohitaji kibali, usafiri na zamu katika kituo cha nchi nyingine halingeweza kurudiwa wiki iliyofuata. Kosa ambalo mwenye kituo chake hulirekebisha kwa miezi likageuka la miaka.

5. Bei ya kusubiri

Mwenye injini ndiye mwenye ratiba. Baada ya India kulipua mabomu ya nyuklia ya majaribio mwezi Mei 1998, Marekani iliiwekea vikwazo, na ushirikiano uliokuwapo kwenye mfumo wa kuongoza Tejas ukakatika. Mwaka 2021 jeshi la anga liliagiza Tejas 83 za toleo la Mk1A. Safari hii hapakuwa na vikwazo, lakini injini za F404 zilichelewa: ya kwanza ya oda hiyo ilikabidhiwa Machi 2025, na viunzi vilivyokamilika vikabaki vikisubiri.

Sisi tusiotengeneza ndege za kivita tumeuonja utegemezi huu. Mwishoni mwa mwaka 2022 Air Tanzania ililazimika kuegesha baadhi ya ndege zake za Airbus A220 kwa sababu ya hitilafu za injini zilizowakumba pia wateja wengine wa mtengenezaji huyohuyo. Marubani walikuwapo na abiria walikuwapo. Dawa ilikuwa ng'ambo.

6. Kilichovunwa

Kaveri haikupotea bure. Toleo lake lisilo na kichomeo cha nyuma linaendelezwa kwa ajili ya ndege zisizo na rubani. Maabara ya metali ya Hyderabad imejifunza kukuza mapanga ya fuwele moja, na mwaka 2021 ilikabidhi mapanga 60 kwa ajili ya injini ya helikopta. Mavuno haya yamekuja pale ambapo injini iliondolewa shinikizo la tarehe ya ndege fulani.

7. Mapendekezo

Hakuna aliyekuja ukumbini hapa kupendekeza Afrika Mashariki itengeneze injini ya jeti kesho. Napendekeza tuanzie pale India ilipochelewa.

(a) Vyuo vikuu vyetu vya uhandisi viwe na maabara za pamoja za kupima uchovu wa metali na kuchunguza vipande vilivyovunjika. Vifaa hivyo vitatumika pia kwa mitambo ya umeme na reli.

(b) Mikataba ya kununua ndege iwe na kipengele kinachowapa wahandisi wetu haki ya kushiriki uchunguzi wa injini zinazoharibika zikiwa mikononi mwetu.

(c) Karakana za matengenezo makubwa ya injini zijengwe kikanda. Ethiopian Airlines imekuwa ikihudumia injini Addis Ababa kwa miaka mingi, hivyo mfano upo karibu.

(d) Bajeti ya utafiti iwe na fungu la wazi la vipande vya kuvunjwa, na mkaguzi aelekezwe kulihesabu fungu hilo kuwa kazi iliyofanyika.

Kwa majadiliano ya vikundi naomba tujibu maswali mawili. Je, ni kipande gani cha injini kilichoharibika katika taasisi yako mwaka jana, na nani alichunguza sababu? Na kama jibu ni kwamba kilirudishwa kwa mtengenezaji, ripoti ya uchunguzi huo iko wapi?