Santuri za Zamani na Majina ya Waimbaji

Aliyechelewa na aingie, aketi, afungue daftari lake.

Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya nyimbo za dansi za zamani, na kazi ya kuzikusanya. Huenda mmoja wenu akauliza, "Nyimbo zinahusu nini kusoma na kuandika?" Zinahusu sana. Nisikilizeni mpaka mwisho, nanyi mtaona.

Kwanza tujifunze maneno matatu. Mwalimu, tafadhali yaandike ubaoni: santuri, lebo, kutoa upya.

Santuri ni ile sahani nyeusi inayozunguka chini ya sindano na kutoa sauti. Lebo ni karatasi ya mviringo iliyobandikwa katikati ya santuri. Hapo huandikwa jina la wimbo na jina la bendi, na pengine jina la mtunzi. Kutoa upya ni kuuchukua wimbo uliorekodiwa zamani, kuisafisha sauti yake, na kuuuza tena kwa santuri mpya, kwa sidii au kwa njia ya simu.

Santuri kongwe zilizunguka mara 78 kwa dakika. Zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama chungu. Baadaye zikaja ndogo, zenye upana wa inchi 7, ambazo huzunguka mara 45 kwa dakika. Upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Kwa hiyo wimbo mrefu wa dansi ulikatwa vipande viwili. Upande wa kwanza ulikuwa na maneno ya wimbo. Ulipokwisha, mwenye gramafoni aliigeuza santuri, na upande wa pili ukaleta chemko, yaani pale magitaa yanapokolea na watu wote kusimama kucheza. Siku hizi wanaoutoa wimbo upya huunganisha vipande hivyo viwili.

Katika miaka ya 1950 na 1960 nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Nyingi zilitoka Kenya. Kwa mfano, duka la Assanand la Mombasa lilitoa santuri za Kiswahili kwa jina la Mzuri. Nyimbo nyingine zilirekodiwa na redio yetu wenyewe. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1965 ikaja Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi ziliingia studio, zikapiga, na nyimbo zikawekwa katika kanda kubwa. Nyingi katika hizo hazikupata kuwa santuri. Kwa hiyo ziko nyimbo zilizobaki katika kanda za redio, na nyingine zimebaki katika sanduku la mtu mmoja, chini ya kitanda chake.

Sasa wako watu wanaozitafuta na kuzitoa upya. Mmoja wa waimbaji waliorudi hivyo ni Salum Abdallah wa Cuban Marimba Band ya Morogoro. Alifariki mwaka 1965 katika ajali ya gari. Nyimbo zake za mwaka 1955 hadi 1965 zimekusanywa katika sidii iitwayo Ngoma Iko Huku. Mwaka 2007 nyimbo za bendi zetu za miaka ya 1960 zilitolewa Ufaransa katika mfululizo uitwao Zanzibara, namba 3. Mbaraka Mwinshehe alipofariki mwaka 1979, nyimbo zake zilitolewa tena Nairobi kwa jina la Ukumbusho.

Kazi hiyo si nyepesi. Anayetaka kutoa wimbo upya hutafuta kanda ya kwanza. Akiikosa, hutafuta santuri isiyokwaruzwa sana. Huiosha, huipiga kwa sindano inayofaa, kisha hupunguza mikwaruzo kwa kompyuta. Lakini baada ya sauti kusafishwa hubaki swali ambalo kompyuta haiwezi kulijibu: Ni nani huyu anayeimba?

Msidhani kwamba jina la bendi linatosha. Salum Abdallah alipofariki, Cuban Marimba haikufa. Juma Kilaza aliiongoza. Jina la bendi ni lile lile, lakini mwimbaji ni mwingine.

Tuchukue mfano wa hapa hapa kwetu. Wilson Peter Kinyonga na nduguye George walikuwa wanamuziki wa Tanga, katika Jamhuri Jazz. Mwaka 1970 walihamia Arusha, wakaanzisha Arusha Jazz pamoja na ndugu yao William. Mwaka huo huo wa 1970 Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Basi wakati wazee wetu wanashika chaki kwa mara ya kwanza, ndugu hao walikuwa wakipiga magitaa katika mji huu. Hawakukaa sana. Mwaka 1971 walivuka mpaka wakaenda Mombasa, na huko wakaanzisha Simba Wanyika.

Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki walitoka Simba Wanyika wakaanzisha Les Wanyika. Baadaye Issa Juma akawa na Super Wanyika Stars yake, ambayo nyimbo zake zilitolewa upya London mwaka 2010. Hesabuni wenyewe: Simba Wanyika, Les Wanyika, Super Wanyika Stars. Mtu asiyesoma lebo kwa makini huziita zote Wanyika, akauweka wimbo wa huyu katika jina la yule. George alifariki mwaka 1992 na Wilson mwaka 1995. Hatuwezi tena kuwauliza.

Sasa niwaambieni jambo lililonipata mimi. Mzee mmoja wa Ngarenaro alikuwa na sanduku la santuri. Nilimtembelea siku moja kwa shughuli za darasa. Nje, kijana mmoja alikuwa akipiga wimbo wa zamani katika simu yake. Alikuwa ameingiziwa wimbo huo kibandani, na jina la mwimbaji lilionekana kwenye kioo cha simu. Mzee alisikiliza kidogo, akatikisa kichwa. "Huyo siye," alisema. "Huyo anayeimba namjua. Nilimwona kwa macho yangu." Akafungua sanduku, akatoa santuri ya wimbo ule ule. Lebo yake ilikuwa imeliwa na mende. Mzee akanitajia jina la mwimbaji, na mpiga gitaa, na ukumbi aliowaona.

Mimi, mwenye stashahada ya chuo kikuu, sikuwa na kalamu. Nilimwambia, "Babu, nitarudi na daftari." Kazi zikaniandama. Niliporudi baada ya miezi mitatu, nilikuta matanga yamekwisha kuanuliwa. Santuri ipo. Wimbo upo. Jina nililotajiwa silikumbuki kwa hakika, na jambo nisilolijua kwa hakika sina haki ya kuliandika. Yule mwimbaji amepotea mikononi mwangu.

Kwa hiyo, ndugu zangu, nawaomba msifanye kama nilivyofanya. Ninyi mmejifunza kuandika. Kazi hii mnaiweza. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya kwanza. Muulize mzee wa nyumba yako, au jirani, kama ana santuri au kanda. Usizichukue. Mwombe azitoe mwenyewe.

Hatua ya pili. Soma lebo, uandike kila kitu kama kilivyo, pamoja na namba. Namba ile ndiyo inayotofautisha santuri moja na nyingine. Hata kama jina limekosewa herufi, liandike hivyo hivyo. Usahihi uuandike pembeni.

Hatua ya tatu. Pigeni wimbo mbele ya mzee, umwulize: Nani anaimba? Nani aliutunga? Ulimwona wapi, mwaka gani? Mwaka akiusahau, muulize ilikuwa kabla ya Uhuru wa 1961 au baada yake, kabla ya Azimio la Arusha la 1967 au baada yake.

Hatua ya nne. Andika jina la mzee aliyekuambia, na tarehe ya siku hiyo. Wazee wawili wakitofautiana, yaandike maneno ya wote wawili. Usiamue ugomvi kwa kalamu yako.

Kuhusu kutunza, yakumbukeni haya. Santuri zisimamishwe wima kama vitabu, zisilazwe moja juu ya nyingine. Zisikae juani, maana hupinda. Zishikwe kwa ukingo, vidole visiguse mistari. Kanda zisiwekwe karibu na spika, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku, na sumaku huifuta sauti. Ninyi mnaokaa juu mlimani, jihadharini na unyevu wa masika na baridi ya Juni na Julai. Sanduku lisiguse sakafu wala ukuta.

Neno moja juu ya haki. Tanzania inayo sheria ya hakimiliki iliyotungwa mwaka 1999. Wimbo ni mali, kama shamba la kahawa ni mali. Wimbo ukiuzwa kwa jina lisilo lake, fungu la mwenyewe au la watoto wake haliwezi kuwafikia, kwa maana nani atajua ni la kwao? Kwa hiyo mkiweza, nunueni nakala za halali. Na jina mnaloliandika leo laweza kesho kuwa ushahidi wa mjane au yatima.

Sasa kazi ya darasa. Kila mmoja aandike katika daftari lake sentensi tano juu ya wimbo mmoja wa zamani anaoujua yeye au mzee wake. Sentensi ya kwanza iwe jina la wimbo. Ya pili, jina la mwimbaji. Ya tatu, jina la bendi. Ya nne, mahali uliposikiwa. Ya tano, jina la aliyekuambia. Usipolijua jambo, acha nafasi, ukaulize nyumbani.

Wiki ijayo mwalimu atazisoma mbele ya darasa. Msingoje zaidi ya hapo. Mimi nilingoja miezi mitatu.

Kwaherini, na kalamu zenu ziwe karibu.