Pikipiki ya Mkulima: Matunzo ya Kawaida Nyumbani

Leo sitazungumza juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya chombo ambacho siku hizi kimekuwa sawa na jembe, nacho ni pikipiki.

Zamani kijijini pikipiki ilikuwa ya bwana shamba au ya padri. Kuanzia miaka ya 2000 zilipoingia kwa wingi pikipiki za bei nafuu kutoka China na India, mambo yamegeuka. Mfugaji wa Rungwe hupelekea maziwa kituoni, na mkulima wa Kongwa hubebea alizeti. Sasa fikirini, maziwa yasiyopozwa yanatakiwa yafike kituoni ndani ya saa 2 au 3 tangu kukamuliwa. Pikipiki ikikatika cheni mlimani, maziwa hayangojei fundi. Yatachachuka hapo hapo kwenye madumu, na mapato ya siku nzima yamekwenda. Nimekutana na wafugaji kadhaa wenye kisa kama hicho, na mara nyingi kilichoharibika ni kitu ambacho kingetengenezwa nyumbani jioni kwa nusu saa.

Tuanze na oili ya injini. Katika pikipiki hizi za cc 125 hadi 150, oili moja ndiyo inayolainisha injini, gia na klachi. Kwa hiyo ikichakaa, vyote vitatu vinaumia kwa pamoja. Nunua oili iliyotengenezwa kwa ajili ya pikipiki za mipigo minne, namba 20W-50 au ile iliyotajwa katika kitabu chako. Oili nyingine za magari hutiwa dawa ya utelezi, na klachi ya pikipiki, kwa kuwa imelowa ndani ya oili hiyo hiyo, huanza kuteleza. Utasikia injini inalia lakini mwendo hauongezeki.

Kwa barabara zetu za vumbi na mizigo yetu, mimi nashauri ubadilishe kila kilomita 2,000, hata kama kitabu kinakuruhusu kuvuta zaidi. Utasema, bwana shamba, mita yangu ilikufa zamani. Basi hesabu safari. Ikiwa kituo cha maziwa kiko kilomita 12, kwenda na kurudi ni 24. Ukienda siku 26 kwa mwezi, hizo ni kilomita 624, yaani oili ibadilishwe baada ya miezi 3 hivi. Andika tarehe kwa chaki ukutani au katika daftari la maziwa.

Namna ya kubadilisha: washa injini dakika 3 ipate joto, uzime. Isimamishe kwa stendi kubwa, mahali tambarare. Weka beseni kuukuu chini, fungua nati ya kumwagia oili kwa spana inayokaa sawasawa, si koleo, maana koleo hula kona za nati. Angalia mikono, oili ni ya moto. Iache itiririke mpaka itone. Futa nati, tazama kama washa yake ni nzima, irudishe na kuikaza kiasi. Hapa wengi hukaza kama wanafunga jembe la ng'ombe, nyuzi za injini zinakatika, na hiyo ni gharama kubwa. Kisha tia oili mpya, ambayo kwa pikipiki nyingi za aina hii ni kama lita 1. Washa kidogo, zima, ngoja dakika 3, upime kwa kijiti. Iwe katikati ya alama mbili. Kuzidisha nako ni vibaya.

Oili chafu usiimwage kisimani wala mtoni. Tena, ndugu wafugaji, naomba mnisikilize vizuri. Wapo wanaompaka mbuzi oili hiyo wakidai inaponya upele. Ina sumu za vyuma na uchafu wa moto, na mnyama hujilamba. Muulizeni bwana mifugo dawa ya upele. Oili chafu iwekwe katika dumu lenye kifuniko, mbali na watoto, na ipelekwe kwa mafundi wanaoikusanya.

Sasa cheni. Hii ndiyo inayowatesa watu zaidi, kwa sababu mbili zinazopingana: wengine huiacha ikining'inia, wengine huikaza kama waya wa gitaa. Ikilegea sana huruka na inaweza kufunga gurudumu ukiwa katika mwendo. Ikikazwa sana, ukipakia gunia gurudumu hupanda, cheni haina pa kunyooka, hivyo hukatika au hula beringi za gia. Kipimo ni hiki: katikati ya cheni upande wa chini, sukuma juu kwa kidole. Isogee milimita 20 hadi 30, kama upana wa vidole viwili vyembamba. Zungusha gurudumu upime mahali pengi, maana cheni haichakai sawa kote, na ukae na kipimo cha pale inapobana zaidi.

Kuikaza, legeza nati ya ekseli ya nyuma, kisha zungusha nati za kurekebishia kushoto na kulia kwa kiasi kile kile. Kuna alama pande zote mbili. Zisipolingana, gurudumu litakwenda upande na tairi litaliwa. Kaza ekseli kwa nguvu, halafu tazama breki ya nyuma upya, kwani gurudumu likisogea breki nayo hubadilika. Na kile kiklipu cha kiungo cha cheni, upande wake uliofunga utazame kule cheni inakokwenda. Ukikigeuza kitachomoka njiani.

Safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, ipanguse, uipake oili ya gia namba 90, hasa baada ya mvua. Usipake ile oili chafu, ina chengachenga za chuma na hufanya kazi ya msasa. Na injini iwe imezimwa kabisa! Zungusha gurudumu kwa mkono. Vidole vimekatwa na cheni inayozungushwa na injini.

Chujio la hewa wengi hawajui hata lilipo. Liko chini ya kifuniko cha ubavuni au chini ya kiti. Likiwa la sponji, lioshe kwa maji ya sabuni, likauke kabisa kivulini, litie oili safi kidogo na ulikamue bila kulisokota. Likiwa la karatasi usilioshe. Ligongegonge vumbi litoke, na likichakaa nunua jingine. Wakati wa kiangazi kule Dodoma na Singida, litazame kila juma. Vumbi likipita hapo linakula pistoni, na petroli inaliwa zaidi.

Plagi ifunguliwe injini ikiwa baridi. Futa kwanza mchanga uliozunguka shimo. Ncha ikiwa rangi ya kahawia hafifu, shukuru. Ikiwa nyeusi na kavu kama masizi, angalia chujio la hewa. Ikiwa imelowa oili, hapo ni kazi ya fundi. Nafasi ya moto iwe milimita 0.6 hadi 0.7, na uanze kuirudisha kwa vidole, spana iwe ya mwisho.

Upepo na breki tazama kila asubuhi kabla ya kupakia. Kuhusu mzigo, vitabu vya pikipiki nyingi za aina hii hutaja kilo 130 hadi 150 pamoja na dereva. Wewe ukiwa kilo 65 na gunia kilo 100, umekwisha kuvuka.

Ndani ya kabureta na marekebisho ya valvu mwachieni fundi. Vifaa mnavyohitaji nyumbani ni spana namba 10, 12, 14 na 17, spana ya ekseli, ya plagi, na bisibisi mbili. Majirani watatu wanaweza kuvinunua kwa pamoja.

Juma lijalo mwenzangu wa mifugo atawaelezeni namna ya kusafisha madumu ya maziwa. Kwa herini.